Acheni Makalio ya Watoto

Mhadhara kwa wauguzi, wakunga na wahudumu wa maduka ya dawa, Busia, Uganda

Wenzangu, hamjambo. Nimepewa saa moja nizungumze juu ya sindano za misuli: mahali pa kudunga, vifaa, usafi na taka. Mimi nitazungumza juu ya kalio la mtoto. Hayo mengine nitayagusa dakika zikibaki. Wale mliokwisha kunisikia mnajua nitakachosema, na mtakisikia tena, maana wiki iliyopita tu nimeona mtoto mwingine.

Nianze na wa kwanza. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu. Usiku ule boda boda ilimleta mama na mtoto wa kiume wa miaka mitatu, degedege limeshamshika. Siku hizo malaria kali ilitibiwa kwa kwinini. Nilitafuta mshipa mkononi, nikatafuta kichwani, sikuupata. Nikafanya kama nilivyowaona wakubwa wangu wakifanya: nikavuta kwinini kutoka kwenye ampuli, sikuizimua, nikamlaza mtoto kifudifudi juu ya mapaja ya mama yake, nikaishusha kaptula kidogo, nikadunga robo ya juu ya nje ya kalio. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Mtoto alizinduka kwa ukelele. Nilifurahi, nikaona amerudi. Akaanza kupiga mateke. Alipiga mateke kwa mguu mmoja. Macho yangu yaliona, akili haikuuliza.

Siku ya nne mama alirudi na kuku, amekuja kushukuru. Mtoto amepona, anakula, anacheka. Akanikabidhi kuku, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuonekana hana shukrani: "Sista, homa imeisha, lakini mguu bado haujaamka." Nikamsimamisha mtoto. Unyayo wa kushoto ulining'inia. Nilipomwambia atembee, aliinua goti juu sana, kama anayevuka mfereji, na vidole bado viliburuza chini. Nilimgusa juu ya unyayo kwa ncha ya kalamu. Hakugeuka hata kuniangalia. Miezi baadaye niliwakuta sokoni. Mama alikuwa ameifunga ndala ya kushoto mguuni kwa kipande cha kitenge ili isivuke, na ncha yake ilikuwa imelika hadi tundu, wakati ya kulia ilikuwa bado mpya.

Sasa nisikilizeni, maana najua kuna anayesema moyoni, "Sista alikosea robo." Ndiyo, nilikosea robo. Nataka mjue nilivyoikosea, kwa sababu nanyi mnaikosea vivyo hivyo kila siku. Kaptula ndiyo iliyonidanganya. Ukiishusha kidogo, unaona nusu ya kalio. Unaigawa hiyo nusu mara nne kwa macho, unachagua pembe ya juu ya nje ya kile unachokiona, kumbe umefika katikati ya kalio lenyewe, pale pale inapopita neva kubwa ya mguu. Robo haipimwi kwa nyama inayoonekana, inapimwa kwa mifupa: ukingo wa juu wa nyonga na nundu ya mfupa iliyo pembeni. Nani kati yenu, saa nane usiku, mtoto anatetemeka, mama analia, anapapasa mifupa hiyo? Naye mtoto amelazwa mapajani amejipinda, kila kitu kimehama.

Neva ile ndiyo nene kuliko zote mwilini. Kwa mtu mzima mwenye nyama kuna nafasi kati yake na sindano. Kwa mtoto mdogo, tena mwenye utapiamlo, misuli ya kalio ni kama haipo, kwa sababu inakua mtoto anapotembea. Na kwinini isiyozimuliwa ni tindikali kali. Si lazima sindano iichome neva. Dawa ikimwagika karibu nayo inatosha kuidhuru.

"Lakini mimi nimedunga makalio miaka ishirini, sijawahi kulemaza mtoto." Hilo nalisikia kila ninapozungumza, na kila mara nauliza: umejuaje? Mtoto aliyelemaa harudi kwako. Bibi yake atasema ni mashetani, apelekwe kwa mganga. Jirani atasema ni polio. Mwingine atasema malaria imeshukia mguuni, na sisi wenyewe tumewahi kuwaambia watu hivyo. Yule mama wangu alirudi kwa sababu alikuwa na kuku wa kunipa. Asingekuwa na kuku, leo ningesimama hapa nawaambia sijawahi kulemaza mtoto.

Na kama wa kwako atarudi, usinyamaze. Mtoto yeyote chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla anaripotiwa kama anayeshukiwa kuwa na polio, na choo chake kinachukuliwa mara mbili, angalau saa 24 kati ya kimoja na kingine, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Ripoti, hata kama unajua ni sindano yako. Mpeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema, unyayo ufungwe usije ukakakamaa ukiwa umeinama. Wengine neva hupona polepole. Wengine haiponi.

Kuna madhara ya pili, ambayo hayapigi kelele. Huko Teso, wilaya ya Kumi, madaktari wa mifupa wamepokea watoto wengi ambao misuli ya makalio imegeuka kovu gumu, na wameyahusisha makovu hayo na sindano zilizorudiwa makalioni. Mtoto huyo hawezi kuchuchumaa akiwa amebana magoti. Mpe choo cha shimo, utamwona anatanua mapaja kama chura. Darasani hawezi kukaa sakafuni na wenzake. Msichana anapojaribu kukaa vizuri mbele ya wageni anagombezwa kwamba hana adabu, na mwili ndio unaomkatalia. Tiba yake ni kisu, kukata lile kovu. Tulimdunga kwa sababu ya homa, tena mara nyingi homa ambayo vidonge vingeitosha.

"Wateja wanataka sindano." Wewe wa duka la dawa, nakuona. Najua anayelipa akaondoka na vidonge tu anahisi hakutibiwa. Najua pia mama anakushushia suruali ya mtoto kabla hujamwambia. Lakini mama huyo huyo alimpeleka mtoto kwenye chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, akadungwa paja la kushoto na paja la kulia, na hakusema lolote. Kila mtoto wa Uganda aliyekamilisha chanjo ameshadungwa pajani. Usiniambie jamii haikubali paja. Jamii imelikubali miaka yote. Sisi ndio tunaoliacha pale kitandani pa chanjo, na tukihamia chumba cha tiba tunarudi makalioni.

Haya, paja. Shika nundu ya mfupa pembeni mwa nyonga, shika goti. Gawa urefu huo mara tatu. Chukua theluthi ya katikati, upande wa mbele kuelekea nje. Mvue mtoto suruali yote, yote, msiniletee habari ya kukunja. Mama ampakate, mguu mmoja wa mtoto ubanwe katikati ya mapaja ya mama, mkono wa mtoto upite nyuma ya mama, na wewe uushike huo mguu mwingine. Sindano iingie wima, nyuzi 90. Hapo hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa wa kuogopa.

Na dawa yenyewe imebadilika. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, na Mbarara ilikuwemo: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesunati asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza atesunati kwa watoto. Basi kwa msuli: chupa ya miligramu 60, tia mililita 1 ya bikaboneti iliyokuja nayo, tikisa hadi dawa iwe angavu, ongeza mililita 2 za maji ya chumvi. Unapata miligramu 20 kwa kila mililita. Mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 3 kwa kilo, yaani 30, yaani mililita 1 na nusu, pajani. Kwa mtoto mdogo, dozi ikizidi mililita 2, igawe mapaja mawili. Na siku utakapokuwa na kwinini peke yake, izimue hadi miligramu 60 kwa mililita, ugawe mapaja mawili. Sijataja kalio.

Msinielewe vibaya, mimi sipingi sindano. Kule Gulu watoto 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi walifuatiliwa miaka miwili. Waliodungwa penisilini kila wiki nne, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu, wasiodungwa, asilimia 8.2. Hiyo ni sindano inayookoa moyo. Lakini fikirieni, mtoto wa shule anarudi kwako kila mwezi, miaka na miaka. Ukimwumiza vibaya mara ya kwanza, mwezi wa tatu humwoni. Ile dawa ni nzito: ipashe moto kwa viganja, tumia sindano ya geji 21, isukume polepole.

Naonyeshwa saa. Watu wazima: tumieni pembeni mwa nyonga. Kiganja juu ya nundu, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya nyonga, cha kati kitanuke kuelekea ukingo wa juu, dunga katikati ya hiyo V. Chanjo haihitaji kuvuta nyuma kuangalia damu. Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika, hata kwa mkono mmoja, hata ukiwa na haraka. Kisanduku cha sindano kinafungwa kikijaa robo tatu, msikikanyage kiingize zaidi. Ukijichoma, dawa za kuzuia VVU ni ndani ya saa 72, na saa ya kwanza ni bora kuliko ya sabini. Juu ya taka mtasoma wenyewe.

Sasa simameni wawili wawili. Vueni viatu, mmoja akae mezani. Nataka kila mtu ashike nundu ya mfupa ya mwenzake na goti lake, apime theluthi tatu, atie alama kwa kalamu. Napita kuangalia, na hakuna anayekwenda kunywa chai kabla sijaiona alama yake.