Dirishani Anahudumiwa Mtu

Shikamooni wazee wangu, na karibuni wasaidizi wa kisheria wa Mtwara pamoja na wenzetu mliotoka Lindi.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 13(4) inamkataza yeyote anayetekeleza kazi ya Mamlaka ya Nchi kumbagua mtu. Hapo wamo karani wa mapokezi, muuguzi, mtendaji wa mtaa na askari wa zamu.

Sasa mfikirieni transijenda, yaani mtu anayejijua kuwa wa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Kaja hospitali na malaria. Kitambulisho cha NIDA kinasema mwanamume. Aliyesimama dirishani kavaa dera na mtandio. Karani anawaita wenzake waje kumtazama, foleni nzima inageuka. Mgonjwa anaondoka na homa yake, na akirudi, huenda ni kwa kubebwa. Inaniuma sana. Kitambulisho kazi yake ni kumtambua mgonjwa, si kumwanika. Picha ikiwa yake, ahudumiwe, na aulizwe kwa sauti ya chini angependa kuitwa nani.

Mtaniuliza, sheria gani inamtaja? Kwetu hakuna inayomtaja waziwazi. Ila Ibara ya 13(5), inapoeleza maana ya kubagua, imeweka jinsia na hali ya maisha, na mimi nasimamia hapo. Katiba ya Kenya nayo haikumtaja, lakini mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti kisicho na alama ya jinsia. Na wanaoogopa Kanuni ya Adhabu niwatoe hofu: hakuna kifungu kinachomfanya muuguzi mkosaji kwa kumtibu mgonjwa.

Akija kwenu aliyefukuzwa dirishani, andikeni siku, saa, dirisha lipi na maneno aliyoambiwa. Anzeni na uongozi wa kituo chenyewe. Wakinyamaza, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina tawi Lindi, na kupeleka malalamiko huko ni bure. Lakini kabla ya kuandika jina lake popote, muombeni ridhaa. Miji yetu hii tunajuana. Barua ikivuja, kesho mwenye nyumba anamtolea vitu nje.