Jua ni la bure, mkopo ndio ghali

Mbukwenyi! Asanteni. Mwenyekiti amenipa nusu saa, lakini kwa joto hili la Oktoba sitaimaliza.

Nianzie Hombolo, hapa Dodoma. Yuko mzee mmoja kule, jirani wa shamba la kaka yangu, ana ekari mbili za zabibu. Anamwagilia kwa pampu ya petroli. Anapanda bodaboda na kidumu cha lita tano, anarudi, anavuta kamba mara nne, mara tano, moshi unamjaa usoni ndipo injini iwake. Na jua liko palepale utosini. Nikamuuliza, "Mzee, mbona hufungi pampu ya sola?" Akanitazama kama mtoto. "Mwanangu, petroli nanunua ya elfu ishirini leo, ya kesho Mungu anajua. Watu wa sola wanataka zote leo."

Hoja yangu yote iko hapo. Umeme wa jua na wa upepo unaulipia karibu wote siku ya kwanza. Wa mafuta unaulipia kidogo kidogo mpaka unazeeka. Kwa hiyo bei ya sola ni bei ya paneli pamoja na bei ya mkopo. Paneli zimeshuka kwa karibu asilimia 90 katika miaka kumi na kitu. Riba je? Piga hesabu ya mfano: umekopa shilingi milioni 3. Kwa riba ya asilimia 15, mwaka wa kwanza riba peke yake ni 450,000. Kwa asilimia 5 ni 150,000. Paneli ni ileile, jua ni lilelile.

Wajerumani walilishughulikia hili kwa sheria ya mwaka 2000: ukizalisha umeme wa jua, bei yako imehakikishwa kwa miaka 20. Wananchi waliilipia kwenye bili zao, na walinung'unika sana. Lakini benki ikishaona mapato ya miaka 20 yameandikwa kisheria, inakopesha bila kutetemeka. Soko likakua, Wachina wakajenga viwanda vikubwa, bei ikaporomoka.

Mwaka 2024 dunia iliongeza gigawati 585 za nishati jadidifu, na gigawati moja ni megawati 1,000. Ni kama kujenga Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, zaidi ya mara 270 kwa mwaka mmoja. (Wahandisi msinirushie viatu: najua sola hulala usiku, nazungumzia uwezo wa mitambo tu.) Sehemu kubwa ilikwenda China. Afrika, yenye karibu mtu mmoja kati ya watano duniani, hupata kama asilimia 2 ya fedha za nishati safi. Kule Dubai mwaka 2023, kwenye mkutano wa tabianchi, nchi zilikubaliana kufika jumla ya gigawati 11,000 za nishati jadidifu ifikapo 2030. Mwisho wa 2024 zilikuwa 4,448. Pengo hilo halitazibwa na Wachina peke yao.

Kwetu hapa, watu wa rika langu hamjasahau mgawo wa umeme wa 2006, bwawa la Mtera lilipokauka. Mtera ni megawati 80 tu, lakini maji yake ndiyo yanayoteremka mpaka bwawa la Kidatu, kwenye mitambo ya megawati 204. Sasa angalieni: kiangazi, maji yanapopungua, ndipo jua la Dodoma halina hata wingu. Sola ifanye kazi mchana, maji yabaki bwawani yazalishe usiku. Bwawa linakuwa betri, na tumeshalijenga.

Kanuni za wazalishaji wadogo kuuza umeme kwenye gridi tunazo tangu 2008. Taa za sola za kulipia kwa simu zimeingia hadi kwenye matembe, nyumba zetu za udongo. Kilichobaki nyuma ni mkopo wa ukubwa wa kati, wa pampu, wa mashine ya kusaga. Mkulima akiuomba anaulizwa hati ya nyumba. Mimi ningesema serikali imdhamini, naye arejeshe akishavuna, si kila mwisho wa mwezi. Zabibu hazilipi mshahara.

Maswali sasa. Mama pale nyuma, naona umenyoosha mkono tangu nilipotaja petroli.