Mhitimu Anaulizwa Lini, na Nani Hajibu

REHEMA: Karibuni wasikilizaji wetu. Leo mimi na kaka Salim tutazungumzia tafiti za ufuatiliaji wa wahitimu, yaani zile ambazo chuo au serikali huwatafuta watu waliokwisha kumaliza shahada na kuwauliza wamefika wapi kimasomo na kikazi. Mara nyingi matokeo yake humfikia mzazi au mwanafunzi kwa sentensi moja tu, kwamba asilimia fulani ya wahitimu wana ajira. Sentensi hiyo inabeba uamuzi mzito wa maisha ya mtu, nayo haieleweki hata kidogo mpaka msomaji ajue mhitimu aliulizwa lini na ni nani hakujibu.

SALIM: Tuanze na hilo la lini, dada Rehema, kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi wahitimu waliulizwa takriban miezi sita baada ya kumaliza masomo. Utaratibu huo ukaachwa, na kuanzia waliomaliza mwaka wa masomo wa 2017/18 wakawa wanatafutwa baada ya miezi kama 15. Hoja ya mabadiliko ilikuwa nzito: katika mwezi wa sita wengi bado wamo katika kazi ya kushikilia tu, au wanasubiri kuanza uzamili, au wamo katika mafunzo ya vitendo ambayo hawajui yatawafikisha wapi. Ukimpima mtu wakati huo, unapima kipindi cha mpito, kisha unakiita matokeo ya elimu yake.

REHEMA: Hata miezi 15 ni picha moja tu. Ninaupenda zaidi utaratibu wa Wizara ya Elimu ya Marekani, ambao huchagua kundi la watu waliopata shahada ya kwanza katika mwaka mmoja na kuwafuata watu wale wale. Waliohitimu mwaka wa masomo wa 1992/93 walirudiwa mwaka 1994, kisha 1997, kisha 2003. Waliohitimu 2007/08 walirudiwa 2009, 2012 na 2018. Hapo ndipo unapoona njia yenyewe. Unamwona aliyefundisha miaka miwili akaacha, akarudi chuoni kwa fani nyingine kabisa, akakaa nje ya ajira kwa muda akilea mtoto, kisha akaingia katika kazi ambayo hata haikuwamo katika mawazo yake siku ya mahafali. Dodoso la mara moja lingemkamata mahali pamoja kati ya hapo na kumwandika kwa jina la mahali hapo.

SALIM: Na si suala la mtu mmoja mmoja tu, hata ulinganisho wa fani hubadilika kwa kutegemea mwaka wa kuuliza. David Deming na Kadeem Noray, katika makala waliyochapisha mwaka 2020, walionyesha kwamba nchini Marekani waliosoma uhandisi na sayansi ya kompyuta huanza kazi wakiwa na ziada kubwa ya mshahara kuliko wenzao wa fani nyingine, lakini ziada hiyo hupungua kwa zaidi ya nusu katika miaka 10 ya mwanzo. Maelezo yao ni kwamba katika kazi hizo ujuzi huchakaa upesi: programu na zana mpya huingia, na kijana aliyetoka chuoni jana anazijua kuliko aliyetoka miaka minane iliyopita. Sasa fikiria mwanafunzi anayechagua kozi kwa kutazama jedwali la mishahara ya mwaka wa kwanza. Ameonyeshwa pale ambapo tofauti ni kubwa kuliko itakavyokuwa baadaye, wala hakuna aliyemdanganya.

REHEMA: Upo pia mwaka wenyewe wa kuhitimu, jambo ambalo mhitimu hana uwezo nalo kabisa. Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz waliwafuatilia wahitimu wa Kanada kwa miaka mingi, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba aliyeingia katika soko la ajira wakati wa mdororo wa kawaida wa uchumi alianza na kipato kilichopungua kwa takriban asilimia 9. Pengo hilo lilifika nusu yake katika miaka 5, na kufutika baada ya miaka kama 10, hasa kwa sababu watu walihama kutoka kwa waajiri dhaifu kwenda kwa walio bora. Kwa hiyo chuo kikijisifu kwamba kundi la mwaka huu limefanya vizuri kuliko la miaka mitatu iliyopita, yawezekana kilichobadilika ni uchumi, na darasani hakuna kilichogeuka.

SALIM: Tuje kwa wasiojibu.

REHEMA: Hapa nina mfano wa zamani ambao bado unafaa. Kuna wakati ilitangazwa kwamba mhitimu wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1924 alikuwa akipata wastani wa dola 25,111 kwa mwaka, fedha nyingi mno kwa enzi zile. Tazama kwanza ile dola 11 ya mwisho, inavyoipa takwimu sura ya uhakika. Kisha jiulize wahitimu wale walipatikanaje miaka mingi baada ya kutawanyika. Waliopatikana ni wale ambao anwani zao zilijulikana, na anayejulikana anapoishi kwa kawaida ni mwenye jina na nafasi. Miongoni mwa waliopatikana wakajibu waliopenda kujibu, na mtu hupenda kuutaja mshahara anaouonea fahari. Aliyekwama hakuandikiwa, au aliandikiwa akaiweka barua kando. Juu ya hayo ukatumika wastani wa kawaida, ambao matajiri wachache wanatosha kuupandisha, badala ya kumtafuta mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu nyingine pungufu.

SALIM: Watafiti wa leo hujaribu kurekebisha kwa kuwapa waliojibu uzito tofauti. Ikiwa wanaume wa kitivo fulani wamejibu wachache kuliko idadi yao chuoni, kila jibu lao huhesabiwa zaidi. Njia hiyo inasaidia, lakini ina mpaka wake: inachukulia kwamba aliyenyamaza anafanana na mwenzake wa jinsia, umri na kozi ileile aliyejibu. Ikiwa kilichomnyamazisha ni kukosa kazi kwenyewe, uzito hauwezi kumrudisha.

REHEMA: Ndiyo maana juhudi kubwa ya utafiti mzuri huenda katika kumtafuta mtu, kabla hata ya hesabu kuanza. Namba ya simu ya pili, jina la ndugu anayejua alipo, barua pepe isiyo ya chuo, kwa kuwa ile ya chuo hufungwa baada ya kuhitimu. Kazi hii inachosha, haisifiwi na mtu, na ndiyo inayoamua kama takwimu zitakuwa na thamani.

SALIM: Nami naomba tukae kidogo juu ya swali la kazi ni nini, kwa sababu ndipo ninapoona mambo mengi yamefichika. Katika takwimu za ajira zinazofuata Shirika la Kazi Duniani, mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa angalau saa 1 katika wiki inayoulizwa huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Kipimo hicho kina sababu zake katika takwimu za taifa, ila kwa mhitimu hakitoshi. Ndiyo maana madodoso huomba pia cheo cha kazi na maelezo ya anachofanya, na mtu fulani ofisini hulazimika kuyapa maelezo hayo namba. Chukua mhitimu aliyeandika "afisa mauzo" bila la ziada. Katika uainishaji wa kimataifa wa kazi wa mwaka 2008, wenye makundi makuu 10 na makundi madogo kabisa 436, mtu huyo anaweza kuangukia kundi la 2, la wanataaluma, ikiwa anapanga mikakati ya masoko. Anaweza kuwa kundi la 3 ikiwa anazunguka kwa wateja akiuza bidhaa za kampuni. Anaweza kuwa kundi la 5 ikiwa anasimama dukani akihudumia wanunuzi. Katika kundi la 2 atahesabiwa kuwa shahada yake imetumika. Katika la 5 ataingia katika idadi ya wenye elimu kubwa kuliko inayohitajiwa na kazi yao. Jibu ni lilelile la maneno mawili.

REHEMA: Na aliyejiajiri?

SALIM: Huyo ni mgumu zaidi. Dodoso linalomuuliza mwajiri wako ni nani limekwisha kumtoa nje kabla hajaanza kujibu.

REHEMA: Ugumu huo wa kupanga unazaa tarakimu zinazotisha bila maelezo. Jaison Abel na Richard Deitz, wakitumia takwimu za Marekani za mwaka 2010, walikuta kwamba asilimia 62 ya wenye shahada walikuwa katika kazi zinazohitaji shahada, lakini ni asilimia 27 tu waliokuwa katika kazi inayohusiana moja kwa moja na fani waliyosomea. Wapo wanaoisoma hiyo 27 kama ushahidi kwamba elimu imepotea. Mimi siisomi hivyo. Aliyesoma historia akawa mhariri, au aliyesoma fizikia akaingia katika bima, haonekani katika hiyo 27, na bado anafanya kazi ambayo asingeiweza bila miaka yake chuoni.

SALIM: Kwa ugumu wote huu, ndugu yangu, mimi bado ninaona kumbukumbu za kodi ni bora kuliko kuuliza watu. Uingereza imeunganisha kumbukumbu za elimu na za kodi, na kuangalia kipato mwaka 1, 3, 5 na 10 baada ya kuhitimu. Hakuna anayesahau kujibu wala kuongeza chumvi.

REHEMA: Hakuna pia anayejua alifanya kazi saa ngapi, wala kazi gani. Kumbukumbu zile haziwatofautishi wawili wenye kipato sawa, mmoja akifanya kazi siku mbili kwa wiki kwa hiari yake na mwingine akijichosha siku sita. Aliyehamia nchi nyingine hutoweka kabisa. Zaidi ya hayo, Waingereza hao hao, katika dodoso lao la miezi 15, humuuliza mhitimu kama anachofanya kina maana kwake, kama kinalingana na mipango yake ya baadaye, na kama anatumia alichojifunza. Muuguzi au mwalimu anaweza kujibu ndiyo mara tatu akiwa na mshahara mdogo, na hakuna karani wa kodi atakayeliona jibu hilo. Ninataka vyote viwili viwekwe pamoja.

SALIM: Katika hilo nakubali. Tatizo moja halitibiwi na dodoso wala kodi: je, ni chuo kilichomfikisha mtu pale? Mwaka 2002 Stacy Dale na Alan Krueger waliwalinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana, baadhi wakaenda kwenye vile vigumu kuingia na baadhi wakachagua vingine. Kwa jumla tofauti ya kipato ilikuwa ndogo sana. Kwa waliotoka familia maskini, hata hivyo, kuingia chuo kigumu kulileta faida iliyo wazi. Hayo yasingeonekana kwa kulinganisha tu wastani wa chuo na chuo.

REHEMA: Na wapo ambao hatukuwataja tangu tuanze, kwa sababu hata jina la utafiti halimwiti mwingine ila aliyehitimu. Programu inayopoteza nusu ya wanafunzi wake njiani inaweza kuonyesha matokeo mazuri sana kwa nusu iliyobaki. Serikali ya Marekani ilipoanza mwaka 2015 kuchapisha kipato kwa kila chuo, ilihesabu miaka 10 tangu mtu alipoingia chuoni, na waliokatiza masomo wakawamo ndani. Ilikuwa na upungufu wake, kwa kuwa iliwahusu waliopata msaada wa fedha wa serikali kuu pekee. Lakini uamuzi wa kuanza kuhesabu mlango wa kuingia badala ya mlango wa kutokea naona ndio wa haki kwa mwanafunzi anayechagua, maana siku anapochagua hajui bado kama atakuwa miongoni mwa watakaomaliza.

SALIM: Basi chuo kinachotaka kuaminiwa kichapishe idadi ya walioingia, ya waliomaliza, ya waliotafutwa na ya waliojibu, zote nne katika mstari mmoja na ule mshahara.