Zawadi za Noeli: kichezeo kipime kabla hakijavunjika

Mireille: Kuanzia katikati ya Desemba, hapa Lubumbashi, barabara za kuzunguka soko la Kenya na soko Mzee zinajaa meza za vichezeo: pupe, gari, simu za kuimba. Leo tunaongea juu ya watoto wa mwaka mmoja mpaka sita, pamoja na vile vitu vidogo vya kujaza soksi ya Noeli.

Patrick: Aksanti, Yaya. Mimi naanza hivi: kichezeo usikipime kwa uzuri wake kikiwa kizima. Gari ya plastiki nyepesi ya bei ndogo itapasuka kabla ya Bonane, hilo halina ubishi. Swali ni itaacha nini mkononi mwa mtoto.

Mireille: Na mama atajuaje, amesimama mezani, muuzaji anangoja feza yake?

Patrick: Abebe kwenye mkoba lile bomba la katoni linalobaki karatasi ya choo ikiisha. Upana wake ni kama sentimita 4. Kipimo rasmi cha vichezeo vya walio chini ya miaka 3 ni kijitungi cha upana wa milimita 31.7, kwa hiyo bomba letu ni kali kuliko kile, na ndiyo uzuri wake. Kitu kikizama humo chote, mtoto wa umri huo hapewi. Halafu vuta. Macho ya pupe, magurudumu, pua ya dubu. Vuta kwa nguvu, muuzaji akinuna mwache anune. Gurudumu likichomoka, tazama ndani: mara nyingi utakuta kijiti cha chuma, chembamba na chenye ncha. Rangi nayo, ikibanduka kwa ukucha, rudisha mezani.

Mireille: Na ile alama kwenye katoni, uso wa mtoto ndani ya duara jekundu lenye mstari, na 0-3?

Patrick: Wazazi wanaisoma kama mtihani wa akili. "Wangu ana miaka miwili lakini ni mjanja, ataweza." Ile alama inaongelea koo, haiongelei akili. Inasema ndani kuna vipande vya kumkaba. Mtoto mjanja ndiye anavifikia haraka.

Mireille: Kwa pupe, macho yaliyodariziwa kwa uzi ni salama kuliko vifungo. Fundi cherehani anaweza kukushonea moja kwa vipande vya kikwembe vilivyobaki. Mwambie apitishe mshono mara mbili, na ajaze vitambaa vilivyokatwakatwa, siyo maharagwe. Mshono ukiachia, haragwe linaingia puani, linanyonya unyevu, linavimba, na hapo halitoki tena kwa kupenga.

Patrick: Bon, tuje kwenye betri, na hapa tukae kidogo. Zile bapa za duara, zimo kwenye kadi za kuimba, simu za watoto, vitaa vidogo. Iliyoandikwa CR2032 ina upana wa milimita 20 na volti 3, na upana huo ndio unaoifanya ikwame kwenye koo la chakula la mtoto mdogo. Ikigusa nyama yenye unyevu, umeme unapita, na upande wa hasi inatokea soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, inayounguza. Muda wa saa mbili unatosha kuleta kidonda kikubwa. Na ile iliyokwisha, ambayo simu haiimbi tena, bado ina nguvu ya kuunguza.

Mireille: Kwa hiyo mlango wa betri uwe na skurubu.

Patrick: Skurubu, tena iliyokazwa. Mlango unaofunguka kwa kidole gumba, hapana. Kiangushe pia chini mara moja kutoka usawa wa kiuno, uone kama mlango umebaki mahali pake.

Mireille: Na ukishuku kwamba mtoto ameimeza?

Patrick: Hospitali yenye radiografia, palepale, hata kama anacheza vizuri, maana dalili zinaweza kuchelewa. Usimtapishe. Kama amepita mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe vijiko viwili vidogo vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, visizidi dozi sita. Asali haiponyeshi, inapunguza tu kuungua, kwa hiyo msichelewe kwa kuitafuta. Chakula kingine hapana. Na mwambie muuguzi neno "betri", maana kwenye picha inaweza kudhaniwa ni sarafu.

Mireille: Viatu vya Noeli vinavyowaka taa navyo vina betri ndani ya soli. Soli ikianza kupasuka, kiatu kimekwisha, hata kama taa bado zinawaka. Na kwa sababu tumegusa viatu: mtoto asipokwenda sokoni, msimamishe juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kutembea. Chora miguu yote miwili, kwenye mchoro mrefu ongeza sentimita moja mbele, ndipo uukate. Karatasi ilale ndani ya kiatu bila kukunjika. Kununua namba mbili mbele "atakulia humo" kunamwangusha kila siku.

Patrick: Soksi sasa.

Mireille: Soksi ndefu ya mpira wa miguu ya mtu mkubwa inatosha. Embe za Desemba ziko tele, lakini moja tu inamaliza nafasi yote! Kwa wa mwaka mmoja: mpira wa kitambaa wa sentimita 10, vikombe vya plastiki ngumu vya kuingizana, kitabu cha kurasa za katoni. Kichezeo cha kuvuta kisiwe na kamba inayozidi sentimita 22, isije ikazunguka shingo. Kwa wa miaka mitatu au minne: arduwazi, chaki, rangi nene za nta, maana nyembamba zinakatika kwenye ngumi yake. Wa miaka sita anaweza kupata gari ya waya, ila ncha zote ziwe zimekunjwa kurudi ndani.

Patrick: Puto je? Kila meza inauza puto.

Mireille: Siyo kwenye soksi. Kipande cha puto iliyopasuka kinaziba njia ya hewa kama kifuniko, na kidole kikijaribu kukitoa kinakisukuma mbele. Apulize mkubwa, na vipande viokotwe mara moja. Karanga nzima na bombo ngumu pia hapana kwa wadogo. Weka biskuti laini.

Patrick: Udongo wa kuchezea wa nyumbani unagharimu kidogo sana.

Mireille: Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, kama kikombe kimoja cha maji ya moto. Koroga chumvi kwanza ndani ya maji; haitayeyuka yote, lakini bila hivyo udongo unakwaruza zaidi, kama mchanga. Mimina kidogo kidogo, ukande dakika tano. Shida ya msimu wa mvua ni kwamba chumvi inavuta unyevu wa hewani, udongo unatoa jasho na kunata. Utengeneze tarehe 23, uufunge kwenye kopo lisilopitisha hewa, na ukinata ongeza kijiko cha unga. Anayetia kila kitu mdomoni asipewe, chumvi hiyo ni nyingi mno.

Patrick: Na nyumba yenye watoto wa miaka mbalimbali?

Mireille: Unajaza soksi zote ukimfikiria mdogo wa mwisho. Goroli na shanga za mkubwa ziende kwenye kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, akabidhiwe mkononi, achezee juu ya meza. Usiku ule ule wa tarehe 24, kabla ya kujaza, toa sashe zote za plastiki, vile vijiwaya vya kufungia kwenye katoni, na pini za stepla. Asubuhi hakuna atakayewahi kuviokota kabla ya mtoto.