Tengeneza gurudumu la nyota: 12 nje, 13 ndani

Haya, karibuni tena. Leo tunakata kadibodi. Tukimaliza utakuwa na gurudumu la pete mbili: ya nje ina zile nyota 12 za magazetini, ya ndani ina makundinyota ambayo Jua linapita kweli angani, na hayo ni 13. Mtu akikutajia tarehe yake ya kuzaliwa, gurudumu linakupa majibu mawili, na mara nyingi hayapatani. Utamu wenyewe uko hapo.

Vifaa: kadibodi, bikari, rula, kipimapembe, mkasi, pini na penseli iliyochongwa vizuri. Mimi napenda penseli ngumu, maana laini inaacha mstari mnene, na utaona baadaye mstari mnene unatuumiza wapi. Kikokotoo cha simu kinatosha. Ilaze simu kiubavu ndipo vitufe vya sine vijitokeze.

Chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 10 na lingine la sentimita 7. Kata. Kukata mnajua, narusha mbele.

Tuanze na lile kubwa. Weka alama ukingoni upande wa kulia, andika 0. Hapo ndipo Jua linapokuwa kwenye sikusare ya Machi, siku mchana na usiku vinapokaribia kulingana, tarehe 20 hivi. Kuanzia hapo tunahesabu kinyume cha mishale ya saa. Kipimapembe bado kiache. Bikari yako bado ina sentimita 10, sivyo? Ichomeke kwenye 0, kata tao ukingoni, hamia kwenye tao hilo, kata tena. Inaingia mara 6 kamili, kila hatua digrii 60. Gawa kila moja katikati, umepata vipande 12 vya digrii 30. Wababeli walikuwa na mgawanyo huu tangu karne ya 5 KK, na ni watu waliohesabu kwa sitini-sitini, kwa hiyo 360 iliwakaa vizuri mkononi. Ni kalenda iliyobandikwa angani: miezi 12, siku 30 kila mmoja. Nyota zenyewe hazikuulizwa.

Andika majina: Kondoo (wengine mnamwita Punda) kutoka 0 hadi 30, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki.

Sasa duara dogo, na hapa naomba utulivu. Mwaka 1928 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulikubaliana juu ya mipaka ya makundinyota 88, kazi aliyoichora Mbelgiji Eugène Delporte na ikachapishwa 1930. Njia ya Jua inakatiza 13 kati ya hayo, na hayalingani hata kidogo. Weka 0 yako kulia kama mwanzo, kisha weka mipaka hii, nimezungusha hadi digrii nzima. Kondoo anaanza 29. Ng'ombe 53. Mapacha 90. Kaa 118. Simba 138. Mashuke 174. Mizani 218. Nge 241. Hawaa, yule mshika nyoka, 248. Mshale 266. Mbuzi 300. Ndoo 328. Samaki 352, naye anaivuka 0 na kuendelea hadi 29 tulikoanzia.

Sikilizeni. Kila mpaka upime kutoka 0. Usipime upana wa Kondoo, ukahamisha kipimapembe, ukapima upana wa Ng'ombe kutoka pale ulipoishia. Ukikosea nusu digrii kila unapohamisha, na kosa likaelekea upande ule ule, baada ya vipande 13 umepotea digrii 6 na nusu. Nge mzima ana digrii 7! Umemmeza. Kutoka 0, kila mara.

Kipimapembe cha nusu duara kinaishia 180, kwa hiyo ukipita hapo toa 180 na upime kutoka ncha ya pili ya kipenyo. Hawaa: 248 toa 180 ni 68. Na angalia ni safu ipi ya namba unayosoma, kwa sababu zipo mbili, moja inapanda na nyingine inashuka. Ngoja, kamera imekataa kulenga. Nainua. Mnaona? Hapa kwenye 68, safu ya pili inasema 112. Ukisoma hiyo, Hawaa anaangukia 292, katikati ya Mshale.

Tazameni umbo lenyewe sasa. Mashuke ana digrii 44, Jua linakaa kwake mwezi mmoja na nusu. Nge linapita kwake kwa wiki moja tu. Ndiyo maana nimeng'ang'ania penseli ngumu. (Zamani Nge alikuwa mkubwa zaidi, nyota za Mizani zilihesabiwa kuwa makucha yake.)

Chomeka pini katikati ya duara zote mbili. Linganisha 0 na 0. Usilinganishe Kondoo na Kondoo! Mkono utataka kufanya hivyo kwa sababu majina yanavutana. 0 kwa 0.

Sasa tarehe. Hesabu siku tangu 20 Machi, zidisha kwa 0.9856, maana ni 360 kugawanya kwa siku 365 na robo hivi. Tuchukue mtu wa 27 Novemba. Siku 252, mara 0.9856, ni 248.4. Soma gurudumu: nje Mshale, ndani Hawaa.

Wengi wangeishia hapo wakapiga picha. Usiishie. Dunia haiendi kwa mwendo mmoja: mwanzoni mwa Januari iko karibu na Jua na inakimbia, Julai iko mbali na inajikongoja. Kutoka sikusare ya Machi hadi ya Septemba ni siku 186 hivi, kurudi Machi ni 179. Kepler, mwanaastronomia Mjerumani, ndiye aliyetueleza. Kwa hiyo tunarekebisha: hesabu siku tangu 3 Januari, zidisha kwa 0.9856, chukua sine yake, zidisha kwa 1.9, halafu toa 1.9. Unachopata jumlisha na ile ya kwanza.

Kabla hujabonyeza, tazama kioo kimeandika DEG (digrii) au RAD (radiani, kipimo kingine cha pembe). Kikiandika RAD unapata upuuzi unaofanana na jibu. DEG.

Mtu wetu: siku 328, digrii 323.3, sine ni hasi 0.598, mara 1.9 ni hasi 1.1, toa 1.9, tuna hasi 3. Kwa hiyo 248.4 inashuka hadi 245.4. Tazama ndani: Nge! Si Hawaa tena. Nje bado ni Mshale. Digrii 3 zimembadilishia kundinyota.

Ukitaka kujipima, jaribu 21 Juni. Ukipata karibu na 90, uko sawa. Na tazama 90 ya ndani iko wapi: mpakani mwa Ng'ombe na Mapacha. Tropiki ya Kansa (Kansa ni Kaa kwa Kilatini), mstari ambao Jua huwa juu yake siku hiyo, ilipata jina Jua lilipokuwa kwa Kaa.

Mbona pete zimeachana hivi? Mhimili wa Dunia unayumba kama pia, kile kichezeo cha kuzungusha, inapochoka, kwa sababu Mwezi na Jua vinavuta uvimbe wa Dunia kwenye ikweta. Mzunguko mmoja unachukua miaka 25,800 hivi, yaani digrii 1 kila miaka 71.6. Mgiriki Hipparchus aliligundua hilo karne ya 2 KK, alipolinganisha mahali pa nyota Spica, iliyoko Mashuke, na vipimo vya mtazama nyota Timocharis vya miaka kama 150 nyuma yake. Imesogea digrii 2. Kwa macho matupu! Mimi nina kamera na inakataa kulenga kadibodi.

Shika duara dogo sasa, lizungushe kufuata saa digrii 29, Kondoo wa ndani aanze kwenye 0. Digrii 29 mara 71.6 ni miaka 2,076. Umerudi karne ya 1 KK, na pete zinakaribia kukubaliana. Rudisha. Sasa zungusha kinyume cha saa digrii 8, mpaka wa Ndoo na Samaki ufike kwenye 0. Hiyo ni mwaka 2600 hivi. Enzi hupewa jina la kundinyota lililoko kwenye 0, kwa hiyo wanaoimba kwamba enzi ya Ndoo imeshaingia, kwa mipaka hii wana kungoja kidogo.

Taa ya betri imewaka nyekundu. Rangi chagueni wenyewe, ila Nge mpeni rangi kali, la sivyo hamtamwona. Na kabla ya kupaka rangi, rudieni kupima: kutoka 0.