Kadherini: ncha inayoamua seli zipi zishikane

Tuanze na kiinitete cha panya chenye seli nane. Mwanzoni kila seli ni duara unaloweza kulihesabu kwa hadubini. Saa chache baadaye zimebanana, hata mipaka haionekani. Hiyo ni kazi ya kadherini E, mojawapo ya kadherini, protini za kwenye utando wa seli zinazozishikanisha seli. Ondoa kalsiamu kwenye kiowevu, seli zinaachiana.

Upande wa kadherini ulio nje ya seli una vipande vitano vilivyofuatana kama pingili za mwanzi, kila kimoja takriban amino asidi 110. Kwenye kila fundo hukaa ayoni tatu za kalsiamu. Zikitoka, fimbo hulegea na vimeng'enya huikata kwa urahisi.

Mshiko wenyewe, hata hivyo, uko kwenye pingili ya nchani, iliyo mbali zaidi na seli. Amino asidi ya pili kutoka nchani, triptofani, huchomoka na kuingia katika kishimo cha kadherini ya seli jirani, na ya jirani huingia huku. Jozi moja ni dhaifu: kadherini E huachana kwenye mkusanyiko wa karibu mikromola 100, na kadherini N, aina nyingine, karibu 25 (namba ikiwa kubwa, mshiko ni dhaifu zaidi). Msiudharau udhaifu huo. Kiinitete kinahitaji seli zinazoweza kuachia na kuhama. Uimara huja jozi nyingi zikirundikana mahali pamoja.

Kadherini huzaliwa imefungwa. Mbele yake kuna kipande cha ziada, na kimeng'enya furini kisipokikata, kadherini hainati. Hapa ndipo wanaoitengeneza kwa bakteria hukwama: methionini ya kuanzia ikibaki, ncha imezidi kwa amino asidi moja tu, triptofani haikai sawasawa kishimoni, nao huishia kulaumu kalsiamu. Pimeni kwanza uzito wa protini, mwone kama methionini hiyo imebaki.

Kosa jingine liko kwenye kutenganisha seli. Tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, ya asilimia 0.01 pamoja na kalsiamu ya milimola 1 huacha kadherini nzima. Tripsini pamoja na EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, huinyoa, na seli huhitaji saa kadhaa kutengeneza nyingine. Ukipima mshikamano papo hapo, unapima seli zisizo na mikono.

Kiinitete nacho hunyoa, ila kwa mpango. Katika kiinitete cha kuku, seli zinapojiandaa kuondoka kwenye mrija wa neva, kimeng'enya ADAM10 hukata kadherini N karibu na utando. Sehemu ya nje huachiliwa. Mkia uliobaki hukatwa tena, na kipande chake hufika kwenye kiini cha seli kuchochea jeni.