Mikutano ya Wadau: Ile ya Pili Ndio Yenyewe

Haya tuendelee, wale wa nyuma mnasikia? Sawa. Leo sichori ule mraba wa vyumba vinne wa kuwapanga wadau wa mradi, mwenye nguvu juu asiye na nguvu chini, mshauona kwa kila warsha, nataka tu niwaambie vile huwa unadanganya.

Chukua Lamu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, kampuni ni Amu Power, megawati 1,050, serikali ilikuwa inautaka, leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, ikatoka 2016. Sasa kwa ule mraba mvuvi wa Lamu unamtia wapi? Kona ya chini kabisa, si ndio, ati huyo ni wa kupewa taarifa tu. Na ni wakaazi hao hao pamoja na Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, waliokwenda kwa tribunali ya mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa.

Hapa msikilize vizuri manake wengi husema Lamu hakukufanyika mikutano, mikutano ilifanyika jamani, lakini ilikuwa ya mwanzo, watu wanaelezwa mradi juu juu wakati utafiti wa athari haujakamilika, halafu ripoti ilipotoka na mambo yenyewe sasa ndio yamo ndani, moshi, jivu, maji ya bahari, hawakurudiwa ipasavyo. Mtu atatoa maoni gani juu ya kitu hajakiona?

Kwa hivyo plani ya wadau msianze na majina, anzeni na maamuzi. Uamuzi upi unafanywa lini, nani utamgusa, na huyo mtu atakuwa ameshika nini mkononi siku ya kusema. Ripoti ya mamia ya kurasa kwa Kizungu cha kitaalamu hiyo hujampa kitu, mtolee kurasa chache za Kiswahili, na mumpe siku za kuzisoma na kuulizana na wenzake kabla hamjamwita.

Halafu ratiba. Kaskazi bahari imetulia, wavuvi wako kazini, wewe umeitisha baraza Jumanne saa nne asubuhi, utampata nani? Utampata chifu na wazee wale wale wa kila mkutano. Ngoja kusi bahari ikichafuka, au nenda bandarini jioni wakirudi. Kina mama nao kaeni nao kando, mbele ya waume zao wengi hawasemi. Na ile karatasi ya mahudhurio msinionyeshe mkasema jamii imekubali, mtu ametia saini ya biriani na nauli, hajatia saini ya mradi.

Kuna ndugu hapa kauliza, si hii itachelewesha kazi? Itachelewesha, ndio, wiki kadhaa, pengine miezi. Leseni ya Lamu ilitoka 2016 ikafutwa 2019, pigeni hesabu wenyewe. Tukitoka chai tunaingia kwa bajeti, na nataka kila meza iniwekee pesa ya mzunguko wa pili wa mikutano kabla haijaandika hata shilingi ya fulana na mabango.